KUTEUA CHANZO CHA UMEME KWA REDIO NDOGO YA RIDHAA
Somo la Sayansi na Hisabati kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi

Utangulizi

Mtu anapokwenda dukani kununua kifaa cha umeme, swali lake la kwanza huwa ni bei. Swali la pili, yaani kifaa hicho kitafanya kazi gani na kwa muda gani, mara nyingi huulizwa baada ya fedha kutoka mfukoni. Ndiyo maana katika nyumba nyingi hukosi kukuta chaja zisizolingana na chochote na betri zilizokufa kabla ya wakati wake. Somo la umeme likifundishwa vizuri linaweza kuwaepusha wanafunzi na hasara ya namna hiyo. Lakini likifundishwa kwa kukaririsha fasili za volti, ampea na wati, mwanafunzi atafaulu mtihani na bado atanunua kitu kisichofaa.

Mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa nchini Tanzania, walimu walitakiwa kuhusisha masomo ya darasani na maisha ya wananchi. Wajibu huo haujaisha. Makala haya yanamwonyesha mwanachuo namna ya kutumia tatizo moja la nyumbani kufundishia kanuni moja: pima mahitaji kwanza, ndipo uulize bei.

Tatizo la somo

Mwalimu awasomee wanafunzi maelezo haya, kisha ayaandike ubaoni kwa ufupi:

Jirani yetu ni karani mstaafu. Amepata leseni ya redio ya ridhaa na amenunua redio ndogo ya kupokea na kurusha, yenye nguvu ya wati 5. Redio hiyo hutumia umeme wa betri wa volti 12, au kidogo zaidi. Nyumbani kwake umeme wa gridi umefika, lakini jioni nyingine hukatika. Anaishi kwa pensheni. Je, anunue chanzo gani cha umeme?

Shabaha

Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze:
1. kueleza tofauti kati ya nguvu inayotoka katika kifaa na nguvu inayoingia;
2. kukokotoa mahitaji ya umeme ya kifaa kwa ampea-saa;
3. kulinganisha vyanzo vya umeme kwa gharama ya matumizi, si kwa bei ya dukani peke yake;
4. kutaja hatari za kila chanzo na namna ya kujikinga.

Maarifa ya mwalimu

1. Redio ya ridhaa

Neno ridhaa hapa lina maana ile ile iliyomo katika ndondi za ridhaa: mtu hufanya kwa kupenda, bila malipo. Wapenzi wa redio ya ridhaa huwasiliana wao kwa wao kwa sauti au kwa alama za Morse, kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha. Hawatangazi biashara. Tanzania, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za utambulisho za vituo vyake huanza na 5H. Za Kenya hutumia 5Y na 5Z, za Uganda 5X. Mwalimu asisitize kwamba kurusha mawimbi bila leseni ni kosa.

Wati 5 ni nguvu ndogo. Hata hivyo mawimbi ya masafa mafupi hurudishwa duniani na tabaka la juu la anga lenye chembe zilizochajiwa na jua, na kwa sababu hiyo kituo cha wati 5 kinaweza kusikika mamia, na pengine maelfu, ya kilometa. Mtumiaji wa redio kama hiyo anahitaji mambo mawili: umeme usioyumba, na ukimya wa kutosha ili asikie sauti dhaifu za vituo vya mbali. Jambo hilo la pili husahauliwa na wengi, nasi tutalirudia.

2. Kosa la wati 5

Wanafunzi wakishajua kwamba wati ni volti mara ampea, watagawanya 5 kwa 12 na kupata ampea 0.42. Ugawanyaji wao ni sahihi, lakini jibu halifai. Wati 5 zilizoandikwa juu ya redio ni nguvu inayokwenda kwenye antena. Si nguvu ambayo redio huchukua kutoka kwenye betri.

Mwalimu atumie mfano wa jiko la mkaa. Joto lote linalotoka kwenye mkaa haliingii katika sufuria. Sehemu kubwa hupotea pembeni. Anayenunua mkaa hulipia joto lote, lile la sufuria na lile lililopotea. Redio nayo ni vivyo hivyo. Redio hutofautiana, na takwimu za kweli zimo katika kijitabu cha kila redio. Kwa somo letu tuchukue redio inayovuta ampea 2 inaporusha na ampea 0.4 inapopokea, ikiwa kwenye volti 13.8. Inaporusha:

volti 13.8 x ampea 2 = wati 27.6

Wati 5 zinakwenda kwenye antena. Wati 22.6 zinazosalia zinaendesha sehemu nyingine za redio na kugeuka joto. Ndiyo maana redio hupata moto mgongoni. Aliyenunua chanzo cha nusu ampea kwa kuamini maandishi ya wati 5 atakuta redio inazimika kila anapobonyeza kitufe cha kurusha.

3. Hesabu ya mahitaji

Tuseme jirani hutumia redio saa 2 kila jioni. Katika muda huo husikiliza dakika 90 na kurusha dakika 30.

Kupokea: ampea 0.4 x saa 1.5 = ampea-saa 0.6
Kurusha: ampea 2 x saa 0.5 = ampea-saa 1.0
Jumla kwa jioni moja = ampea-saa 1.6

Tukizidisha ampea-saa 1.6 kwa volti 12 tunapata wati-saa 19.2. Yuniti moja ya umeme wa gridi ni wati-saa 1,000. Hata tukikadiria kwamba theluthi moja ya umeme inapotea katika chaja, jioni moja itachukua wati-saa 28.8, na yuniti moja itatosha zaidi ya jioni 34. Hapo wanafunzi wataona jambo ambalo wengi hawalitarajii: gharama ya umeme wenyewe ni ndogo mno. Fedha za jirani zitakwenda kwenye vifaa, na hapo ndipo anapohitaji ushauri.

4. Vyanzo vinavyoweza kuteuliwa

(a) Betri kavu. Betri 8 za volti 1.5 zikipangwa kwa mfuatano hutoa volti 12. Zinapatikana kila duka, na bei ya mara moja ni ndogo. Lakini betri ndogo za tochi haziwezi kutoa ampea 2 bila volteji kushuka, na huenda zisimalize hata jioni moja. Zinafaa kwa redio ya kupokea tu, au kwa dharura.

(b) Betri ya risasi na asidi iliyozibwa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ya aina iwekwayo katika vifaa vya kulinda kompyuta umeme unapokatika, hupatikana katika miji mingi. Betri hii hudumu zaidi isipotumiwa kupita nusu ya ujazo wake. Nusu ya 7 ni 3.5, tukigawanya kwa 1.6 tunapata jioni 2 kamili. Ikiwa imejaa na imepumzika, huonyesha takriban volti 12.7; ikishuka hadi volti 12.1 hivi, imebaki karibu nusu nayo irudishwe kwenye chaja. Ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa huharibika. Betri ya gari si badala yake nzuri: hiyo imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa muda mfupi wa kuwasha injini, wala haivumilii kuteremshwa mara kwa mara.

(c) Betri ya lithiamu yenye fosfati ya chuma. Seli zake 4 hutoa volti 12.8. Ni nyepesi, sehemu kubwa ya ujazo wake hutumika bila madhara, na hudumu miaka mingi kuliko ya risasi. Bei yake ya kwanza ni kubwa zaidi, nayo hudai chaja ya aina yake.

(d) Umeme wa gridi kupitia transfoma. Transfoma hushusha volti 230, daiodi hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kapasita husawazisha, na kidhibiti hushikilia volti 13.8. Kifaa hiki ni kizito na hupata joto, lakini hakina kelele katika redio. Kasoro yake ni moja: umeme ukikatika, nacho kimekwisha.

(e) Adapta nyepesi ya kielektroniki. Adapta nyingi za ving'amuzi hutoa volti 12, na baadhi yake huweza kutoa ampea 2. Huenda jirani anayo tayari nyumbani. Kwa hesabu ya volti na ampea inaelekea kufaa. Lakini ndani yake umeme hukatwa na kuunganishwa maelfu mengi ya mara kwa sekunde, na adapta isiyochujwa vizuri hutoa mkwaruzo unaoingia katika masafa yale yale ambayo redio inasikiliza. Jirani atarusha vizuri asisikie jibu. Adapta za kompyuta za mkononi nyingi hutoa takriban volti 19, nazo zinaweza kuiunguza redio ya volti 12.

(f) Paneli ya jua. Paneli huchaji betri. Si mbadala wa betri, kwa kuwa jirani hutumia redio jioni. Paneli ya wati 10 hutoa kama ampea 0.55 katika jua kali. Kwa saa 4 za jua zuri hiyo ni ampea-saa 2.2, na baada ya upotevu inakaribiana na mahitaji ya siku moja. Paneli ya wati 20 huacha akiba kwa siku za mawingu.

Njia ya kufundisha

Somo lichukue vipindi viwili, na siku moja au mbili ziachwe katikati kwa uchunguzi wa bei.

Hatua ya kwanza: kukisia. Mwalimu asome tatizo na kuwaacha wanafunzi watoe ushauri wao bila kuhukumiwa. Majibu yote yaandikwe ubaoni na katika daftari. Wengi watachagua betri kavu au adapta. Mwalimu asiwasahihishe. Mwanafunzi anayeambiwa mapema kwamba amekosea hungoja jibu la mwalimu; anayeachwa na kisio lake hulipigania au hulirekebisha mwenyewe.

Hatua ya pili: hesabu. Wanafunzi wafanye hesabu ya wati 5 kwa namna waionavyo. Baada ya kupata ampea 0.42, mwalimu atoe takwimu za kijitabu na kuuliza: "Ampea nyingine zimekwenda wapi?" Mfano wa jiko utolewe baada ya swali hili, si kabla. Ndipo makundi ya wanafunzi wanne wanne wakokotoe ampea-saa za jioni moja.

Hatua ya tatu: jaribio la kelele. Inahitajika redio ya kawaida ya betri yenye masafa ya kati au masafa mafupi. Mwalimu aiweke mahali pasipo na kituo, ili usikike mvumo mdogo tu. Kisha yeye mwenyewe achomeke chaja ya simu au adapta ukutani, na kuisogeza redio karibu polepole. Adapta nyingi zitasikika zikikwaruza. Chache zitakuwa kimya. Ajaribu mbili au tatu, na wanafunzi wazipange kwa utulivu. Redio isiwekwe kwenye masafa ya FM, kwa kuwa hapo mkwaruzo huu hausikiki sana. Ikiwa shule haina umeme, jaribio lifanywe mahali penye umeme siku ya ziara, au mwalimu aeleze tu bila kudai kwamba wameliona.

Hatua ya nne: uchunguzi wa bei. Kila kundi liulize bei ya chanzo kimoja katika maduka ya karibu. Bei hubadilika, kwa hiyo mwalimu asiwape bei kutoka kitabuni. Wakirudi, wagawanye bei yote, pamoja na chaja, kwa idadi ya jioni ambazo kifaa kinatazamiwa kufanya kazi. Mfano ufuatao ni wa tarakimu za mazoezi tu:

Betri kavu 8: shilingi 8,000 kwa jioni 1 = shilingi 8,000 kwa jioni
Betri ya risasi na chaja: shilingi 90,000 kwa jioni 400 = shilingi 225 kwa jioni
Kifaa cha transfoma: shilingi 75,000 kwa jioni 1,000 = shilingi 75 kwa jioni

Wanafunzi waulizwe: baada ya jioni ngapi betri kavu zitakuwa zimegharimu zaidi ya betri ya risasi na chaja yake? Jibu ni jioni ya 12, zitakapofika shilingi 96,000. Kilichokuwa rahisi siku ya kwanza kimekuwa ghali kabla ya wiki mbili kwisha.

Hatua ya tano: uamuzi. Kila kundi litoe ushauri wake na kuutetea kwa hesabu. Kisha warudi kwenye makisio ya hatua ya kwanza na kueleza nini kimewabadilisha mawazo.

Jibu linalopendekezwa

Kwa jirani wa tatizo letu, betri ya risasi iliyozibwa ya ampea-saa 7, pamoja na chaja inayofaa betri hiyo, ndiyo yenye uwiano mzuri. Huchajiwa mchana umeme unapokuwapo. Jioni chaja huchomolewa, redio ikatumia betri peke yake. Hivyo shida mbili hutatuliwa kwa pamoja: umeme ukikatika mazungumzo yanaendelea, na mkwaruzo wa chaja haupo kwa kuwa chaja imezimwa. Transfoma ina gharama ndogo zaidi kwa jioni katika mfano wetu, lakini haiwezi kumsaidia umeme ukikatika.

Mwalimu asilifanye jibu hili kuwa la kukariri. Mahali ambapo umeme haukatiki, kifaa cha transfoma kinatosha. Mahali ambapo gridi haijafika, betri hiyo hiyo na paneli ya wati 20 yenye kidhibiti chaji ndizo zifaazo. Kundi linaloteta betri ya lithiamu kwa hesabu ya miaka mingi lipewe alama kamili, mradi lieleze jirani atapata wapi fedha za kuanzia. Hali ikibadilika jibu hubadilika. Utaratibu wa kulifikia haubadiliki.

Tahadhari

1. Mwanafunzi asifungue wala kutengeneza kifaa chochote cha umeme wa gridi. Volti 230 huua. Kuchomeka na kuchomoa katika jaribio ni kazi ya mwalimu.
2. Fyuzi ya ampea 3 iwekwe kwenye waya chanya, karibu na betri. Betri ndogo isiyo na fyuzi, nyaya zake zikigusana, huweza kuyeyusha waya na kuwasha moto.
3. Waya nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Wahakikishe kwa mita kabla ya kuunganisha. Kugeuza nyaya huweza kuiua redio mara moja.
4. Paneli isiunganishwe moja kwa moja na redio. Paneli ya betri ya volti 12, ikiwa haina mzigo, huweza kufika volti 21 au zaidi.
5. Betri ichajiwe mahali penye hewa, mbali na moto. Asidi ikimwagikia ngozi ioshwe papo hapo kwa maji mengi.
6. Betri ya risasi iliyokufa isivunjwe wala kuachwa uwanjani. Risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto wadogo. Ipelekwe kwa wanaokusanya betri chakavu.

Mazoezi

1. Redio huvuta ampea 0.2 ikipokea na ampea 1 ikirusha. Kwa jioni ya saa 3, inarusha saa 1. Inahitaji ampea-saa ngapi? (Jibu: 1.4)
2. Betri ni ya ampea-saa 12, na nusu yake tu ndiyo itumike. Itaendesha redio hiyo jioni ngapi kamili? (Jibu: 4)
3. Paneli hutoa ampea 0.5 kwa saa 4, na robo hupotea. Je, inatosha kwa redio hiyo kila siku? (Jibu: Inatoa ampea-saa 1.5, inatosha siku ya jua, lakini haiachi akiba ya siku ya mvua.)
4. Chagua kifaa kimoja cha umeme kilichomo nyumbani kwenu. Soma kibandiko chake, kisha eleza kama chanzo chake kinakitosha.

Hitimisho

Wanafunzi wengi wa darasa lako huenda wasimiliki redio ya ridhaa maishani mwao. Lakini karibu wote watanunua taa ya jua, betri ya pikipiki, chaja ya simu au pampu ya maji. Kila mara muuzaji atawaonyesha bei, na kila mara watahitaji kuuliza: kifaa hiki kinavuta kiasi gani, kwa muda gani, na chanzo hiki kitadumu siku ngapi? Zoezi la nne ndilo lipimalo kama somo limefika. Mwanafunzi akirudi kesho yake na takwimu za kibandiko cha nyumbani kwao, na hesabu yake mwenyewe chini yake, mwalimu ajue kazi yake imezaa matunda.